Sweta Yenye Kishona Nguo

Mama aliyenipokea Nairobi tulimzika mwezi uliopita, katika shamba dogo la ukoo wao upande wa Dagoretti. Hakuwa mama yangu wa kunizaa. Nilipelekwa kwake nikiwa kidato cha tatu, na mpango wa kubadilishana wanafunzi uliomtoa msichana mmoja Kenya kwenda kwetu Singida, na kunitoa mimi Singida kwenda Kenya. Niliandikiwa mwaka mmoja. Mgomo wa shule ukaukata mwaka huo katikati. Nataka kuueleza mgomo huo kwa sababu siku ya mazishi watu walisifu jambo wasilolielewa, nami nikanyamaza.

Alikuwa mjane. Pale Riruta alikuwa na chumba cha biashara kilichotazama barabara, na ndani yake mashine mbili za kufuma sweta za shule. Yeye mwenyewe aliacha masomo darasa la saba. Alikuwa na mtoto mmoja tu, msichana wa kidato cha nne katika shule ya bweni iliyo njia ya kwenda Karen, nami nikaingizwa shule hiyo hiyo. Sweta tulizovaa alizifuma yeye: buluu nzito, zenye mistari miwili myeupe shingoni.

Siku ya kunipeleka, tukiwa langoni, aliushika mkono wa binti yake akauweka juu ya wangu.

"Huyu ni mtoto wa watu," alisema. "Usimwache. Nikikuuliza yuko wapi, unionyeshe yuko wapi."

"Sawa, mama."

Alipoondoka, binti akanigeukia. "Umeona? Mathe anakubeba kama kuku ya kuazima. Twende, kuku."

Nilicheka, naye akacheka. Nilimwita dada tangu siku ile. Wenzake walimtania kwa hilo, wakawa wanamwita Dada wa Mgeni, lakini hakunikataza.

Bwenini nilikuwa mchezo wao. Jioni baada ya kuoga waliniita kitandani kwa mmoja wao.

"Mtanzania, hebu omba mkate."

"Mkate upi?"

"Wowote. Omba tu vile nyinyi huomba."

"Naomba mkate, tafadhali."

Wakaanguka vitandani kwa kicheko. "Tafadhali! Huyu hata mwizi atamwambia tafadhali, naomba uniachie viatu." Mwingine alisimama akanyoosha shingo, akasema kwa sauti yangu, "Jamani, naombeni mnipishe." Sikukasirika. Ndivyo tulivyofundishwa kwetu kuomba, na sikujua njia nyingine.

Mgomo ulianza kwa simu. Msichana mmoja alikutwa na simu ndani ya pakiti ya unga wa uji, na naibu wa mwalimu mkuu akafuta siku ya wazazi kututembelea, kwa shule nzima. Tulimwita Naibu tu. Alikuwa mwanamke mnene, msafi, asiyepaza sauti hata kidogo. Alitangaza habari ile mstarini kwa upole, kama mtu anayekuarifu kwamba chai imepoa. Siku ya kutembelewa ndiyo siku tuliyokula chapati na kuku, na wengine ndiyo siku pekee waliyowaona mama zao kwa muhula mzima. Kuanzia hapo bweni likawa la minong'ono. Nilipokaribia walinyamaza. Mmoja alisema bila kujificha, "Huyu asiambiwe. Mgeni atatuchoma kwa walimu."

Dada pia hakuniambia. Baadaye alinieleza kwamba hakutaka kugoma. Mtihani wa taifa ulikuwa karibu, na kwao hapakuwa na kitu kingine cha kutegemea zaidi ya mtihani ule na mashine mbili. Alipanga kujificha nami kwenye maktaba mpaka yapite.

Ishara yao ilikuwa hii. Chakula cha mchana, kiranja akimaliza kuombea chakula, hakuna atakayeitikia. Kimya, kisha kila mtu apindue sahani yake. Siku yenyewe ilikuwa Ijumaa, na tuliandaliwa githeri, ile ambayo kwetu ni kande. Kiranja aliomba, akamaliza. Katika ukumbi ule wote, sauti moja tu iliitikia.

"Amina," nilisema.

Wasichana wa meza yangu walinitazama kana kwamba nimetapika. Kisha sahani zikapinduliwa kwa pamoja, mahindi na maharagwe yakamwagika mezani na sakafuni, na ghasia ikaanza. Waligonga sahani, wakapiga mbinja, wakabomoa mlango wa nyuma. Walikuwa wanakwenda uwanjani, hadi penye tundu la ua, watokee barabarani, waende kwa miguu mpaka ofisi za wizara katikati ya jiji.

Mimi sikujua chochote kuhusu tundu wala wizara. Shuleni kwetu, zikisikika kelele za bati na filimbi, ni moto au ni mwizi, na mwanafunzi anatakiwa akimbilie mstarini akahesabiwe. Nikakimbilia mstarini. Nilisimama peke yangu mbele ya mlingoti wa bendera, sahani yangu mkononi, githeri bado imo ndani, nikingoja kuhesabiwa.

Dada alikuwa ameketi meza ya mbali, ya kidato cha nne. Alipofika mezani kwetu sikuwepo. Alidhani nimeburutwa na wenzangu. Akapita tundu la ua, akavuka majani marefu ya nyuma ya uwanja, akafika barabarani akiuliza, "Mmemwona mgeni? Mgeni yuko wapi?" Hawakumjibu, ila mmoja aliyemwambia, "Amina ameenda mbinguni." Akarudi kwa njia ile ile. Akanikuta mlingotini.

"Wewe! Uko hapa na sahani?"

"Nilisikia kelele, dada. Nikaja kuhesabiwa."

Alikuwa anahema, machozi yanamlengalenga, na hapo hapo akaanza kucheka. Akachota githeri kwa vidole kutoka sahani yangu akatia mdomoni. Ndivyo Naibu alivyotukuta.

Wengi walirudishwa jioni ile ile, wengine wakiwa wamefika mjini kabisa, viatu mkononi. Sote tukapangwa mstarini. Naibu hakuuliza nani aligoma. Alipita akitazama sweta zetu. Nyuma ya uwanja, penye lile tundu, kulijaa kishona nguo, yale magugu yenye mbegu nyeusi nyembamba kama sindano, zinazong'ang'ania nguo ukipita tu. Sufu inazishika kuliko kitambaa chochote. Aliyepita hapo alizibeba kwenye mikono ya sweta na ubavuni, na hazing'oki kwa kupukutwa. Naibu alichomoa mbegu moja kwenye mkono wa sweta ya dada, akaiinua juu kwa vidole viwili tuione.

"Kidato cha nne," alisema. "Hata wewe."

"Mwalimu, nilikuwa namtafuta mgeni."

"Mgeni alikuwa hapa. Mgeni ndiye peke yake alikuwa hapa." Akaniweka mkono begani, akanigeuza niwaelekee wenzangu. "Mwoneni. Ametoka nchi ya watu, hana mama hapa, na ana adabu kuliko nyinyi wote."

Nilisema, "Mwalimu, dada anasema kweli." Aliniminya bega kwa upendo, akaendelea kutembea.

Wenye mbegu wote walifukuzwa waende nyumbani, warudi Jumatatu na mzazi. Mimi niliruhusiwa kwenda Riruta na dada, kwa kuwa ndiko nilikopangiwa kukaa nikiwa nje ya shule.

Lazima nieleze jinsi shule ile ilivyorudisha watoto, kwa maana kila mtu alijua, hata mama. Viboko vimekatazwa na sheria. Kwa hiyo walimu hawakupiga. Walimpa mzazi fimbo, na mzazi akampiga mtoto wake mwenyewe mbele ya shule nzima, mpaka Naibu aridhike. Asiyetaka aliondoka na mtoto na sanduku lake. Hakuna aliyeweza kumshtaki mwalimu, kwa sababu mwalimu hakumgusa mtu.

Mama alikuwa hajawahi kumpiga binti yake. Si kwamba alikuwa laini. Mashine zilimwachia mikono mizito, na wateja walimwogopa. Lakini mumewe alikuwa mpigaji, na siku alipomzika alisema katika nyumba ile hapatanyanyuliwa tena mkono.

Jumamosi asubuhi alituchukua sote wawili tukaenda mjini, kwenye ofisi ya ule mpango ulionileta. Ilikuwa ghorofa ya juu, yenye zulia na mtungi wa maji baridi. Alitupokea kijana mwenye tai. Mama alimweleza yote, taratibu, akamwomba apige simu shuleni aseme tu kwamba mwanafunzi wao ndiye aliyekuwa anatafutwa.

"Mama, pole sana," kijana alisema. "Lakini sisi hatuingilii nidhamu ya shule. Sisi kazi yetu ni usalama wa huyu." Akanielekezea kalamu. "Na ukweli ni kwamba kwenu si salama sana, ama? Tumepata familia ingine Kilimani. Wiki ijayo tutamhamisha."

"Kwangu si salama?"

"Si kwa ubaya, mama. Ni mambo ya mgomo."

"Mgomo ulikuwa shule, si kwangu."

"Ndiyo, mama. Karibu maji."

Hakunywa. Tulipotoka alipitia duka analonunulia nyuzi, la Mhindi mzee aliyemfahamu tangu alipoanza kazi. Yule mzee alipoona sura zetu akauliza, na alipoambiwa akapiga meza kwa kiganja.

"Mama yangu, hii watoto ikigoma mimi nakufa! Shule ikifunga, buluu yote inakaa kwangu. Sasa wewe fanya nini? Wewe nenda piga mtoto kidogo, yeye rudi darasa, kwisha. Mimi babangu alipiga mimi kila siku. Ona duka!"

Mama alicheka kwa heshima. Dada hakucheka. Aliangalia mabunda ya nyuzi kana kwamba anayahesabu.

Jumapili alasiri mama alikaa kwenye kiti chake cha kufumia, sweta ya dada mapajani, akiichomoa mbegu mojamoja kwa ncha ya sindano. Dada alisimama mlangoni.

"Usiende kesho," alisema. "Nitakaa nyumbani. Mtihani nitafanya mwaka ujao, kivyangu. Nitakusaidia na mashine."

"Mwaka ujao ni wa nani? Unaujua?"

"Mama, sikugoma."

"Najua hukugoma."

"Basi utanipigia nini?"

Mama alichomoa mbegu nyingine. Aliidondosha kwenye kifuniko cha kopo. "Nitakupigia mtihani," alisema. "Mimi niliambiwa nitarudi shule mwaka ujao. Bado naungoja."

"Ukinipiga mbele ya wale wasichana, kwa kitu sijafanya, usiniite mtoto wako."

"Wacha maneno."

"Nimesema."

Nilikuwepo. Nilikuwa naosha vyombo kwenye beseni. Mama alidhani ni hasira ya msichana. Nami nilidhani hivyo.

Jumatatu wazazi walisimama kila mmoja kando ya mtoto wake, na sisi tusio na makosa tukapangwa upande wa pili ili tuone. Baba mmoja aliyevaa suti, ambaye gari lake lilikuwa kubwa kuliko basi la shule, alivua koti akalikunja vizuri, akampiga binti yake kwa nguvu zote huku akituangalia sisi, akitaka tuone kwamba ameweza. Mama mwingine alilia kabla ya kuanza, na mtoto wake ndiye aliyemnong'oneza, "Piga tu, mama, tumalize." Baada ya kila zamu mtoto alipaswa kupiga goti, aseme, "Asante, mzazi." Naibu alisikiliza kama neno linatamkwa sawasawa. Lisilo sawasawa lilirudiwa.

Zamu ya mama ilipofika, aliishika fimbo kama mtu anayeshika kitu cha jirani.

"Mwalimu," alisema, "huyu alienda kumtafuta mgeni. Mimi ndiye nilimwambia asimwache. Kama kuna kosa ni langu."

"Mama, kila mtu hapa amekuja na hadithi yake," Naibu alisema. "Ukitaka kuenda naye, lango liko wazi. Mtihani si lazima."

Hapo nikatoka mstarini. Sikupanga. Nilisema, "Mwalimu, ni kweli. Mimi ndiye niliyekuwa natafutwa. Kama ni kupigwa, nipigwe mimi."

Nyuma yangu msichana akanong'ona, "Amina," na kicheko kikapita mstarini.

Naibu akamwuliza mama, "Huyu naye utampiga?"

Mama alinitazama. "Huyu siwezi," alisema. "Huyu ni mtoto wa watu."

"Umesema vizuri. Mgeni, rudi mstarini."

Nilirudi. Sitadanganya: miguu yangu ilirudi kwa haraka. Nilikuwa nimejitolea kwa kweli, na nilipokataliwa nikasikia nafuu kifuani. Dada aliiona. Alikuwa ananitazama mimi, si mama, wakati fimbo ya kwanza inashuka.

Ilikuwa hafifu. Ilitoa vumbi tu kwenye sketi.

"Mama, unakung'uta zulia ama unaadhibu mtoto?" Naibu aliuliza kwa ile sauti yake. Watu walicheka, wazazi pia. Yule baba wa suti ndiye aliyecheka sana.

Sijui ni kicheko kile au ni ule mwaka ujao aliokuwa akiungoja. Mama alimpiga. Alimpiga kwa mikono ile ya mashine, kwa mwendo ule ule wa kufuma, bila kupumzika, midomo ameibana. Naibu alisema inatosha, naye akawa bado anapiga. Ilibidi askari wa lango amshike kiwiko.  Dada alipiga goti kabla hajaambiwa.

"Asante, mzazi," alisema.

Naibu alitikisa kichwa kwa kuridhika. Lilitamkwa sawasawa.

Wiki ile nilihamishiwa Kilimani, kwa mume na mke vijana walionipa chumba changu na ufunguo wangu, na ambao siku za mapumziko nilikuwa nawaona saa za chai tu. Shuleni dada alinijibu nikimsalimu. Hakunitukana. Mtihani aliufanya, akafaulu kuliko wote wa darasa lake, akaenda chuo, akapata kazi nzuri ya ofisi, Kilimani huko huko. Lile ambalo mama alilipigia alilipata lote, hakuna kilichopungua.

Kitu kimoja tu. Tangu siku ile hakumwita tena mama. Alimwita mzazi. "Shikamoo" hawana huko, lakini alimsalimu vizuri kila alipokuja. "Habari yako, mzazi. Umekula, mzazi?" Hakupaza sauti. Alilipa kodi ya chumba cha biashara, akanunua mashine mpya, akaleta sukari na mchele kila mwisho wa mwezi. Majirani walimwambia mama amebarikiwa.

Mimi nilirudi Singida, nikamaliza kidato cha nne kwa alama zisizonifikisha popote. Mama alinipigia simu akasema mkono wake mmoja umeanza kufa ganzi, kama nataka kazi nije. Nikaja. Nimefuma naye miaka mingi. Nilimwita mama kutwa nzima, nikimwomba nyuzi, nikimpa chai. Aliitika kila mara. Lakini simu ya binti yake ikilia aliacha kufuma, akajifuta mikono kwenye gauni, akapokea na kusikiliza neno la kwanza. Kisha uso wake ukarudi chini.

Aliniomba msamaha mara moja, kwa jambo ambalo halikuwa kosa. "Mami," aliniambia, kwa kuwa ndivyo alivyoniita, "usiudhike. Wewe unaniita vizuri. Lakini wewe ni wa watu."

Alipolazwa, na daktari akasema tusimsumbue kwa dawa zaidi, nilimngoja dada nje ya wodi. Alikuja akitoka kazini, amebeba matunda.

"Dada," nilimwambia, "mwite mama. Mara moja tu. Hana siku nyingi."

Alinitazama bila chuki. Ningependa kuandika kwamba kulikuwa na chuki. "Wewe unamwita kila siku," alisema. "Ameshiba?"

"Hajashiba."

"Siku ile, ulipoambiwa rudi mstarini, ulirudi mbio. Nilikuona."

"Ni kweli."

"Na sikukasirika na wewe. Hukuwa wangu." Akanipa mfuko wa matunda nimshikie. "Yeye alikuwa wangu."

Aliingia. Mlango haukufungwa vizuri. Nilimsikia mama akisema, "Umekuja?" kwa sauti ndogo, ya mtu anayengoja kitu kwa aibu. Na nikamsikia akijibiwa, "Nimekuja, mzazi." Alikaa naye hadi muda wa kutembelea wagonjwa ulipoisha, akamkata chungwa, akamfuta mdomo. Alifanya kila kitu ambacho mtoto mwema hufanya. Mama alifariki kesho yake, kabla ya chai.

Kaburini mchungaji alimwita binti aseme neno kwa niaba ya familia. Alisimama na gauni jeusi zuri, akawashukuru majirani, kanisa, na wateja waliofika na watoto wao wakiwa na sweta. Kisha akasema, "Mzazi wangu alifanya kazi kwa mikono yake ili mimi nisome. Nimesoma. Asante, mzazi."

Alilitamka sawasawa. Watu waliitika, "Amina," kwa pamoja. Mwanamke aliyesimama mbele yangu alimgeukia mwenzake akasema, "Umesikia adabu? Watoto wa siku hizi ni nani anasema hivyo?" Mwenzake akajibu kwamba huyo alilelewa.

Tuliojua tulikuwa watatu, na mmoja alikuwa ndani ya sanduku. Mimi sikuitikia amina. Nilipewa koleo zamu yangu ilipofika, nikatupia udongo, nikampa dada koleo, naye akatupia wake.